Haki ya Mwili, na Haki ya Moyo

Mwezi uliopita, baada ya darsa ya magharibi, mtu mmoja katika wanafunzi wetu alibaki nyuma akasubiri mpaka msikiti ukapungua watu. Ni mtu mzima, ana wajukuu, na biashara yake ni ya nguo. Ana maradhi ya sukari tangu miaka mingi. Wiki ile alikuwa amealikwa harusini, akala biriani, akala halua, akateremshia kwa soda mbili, na alfajiri yake watoto wake walimkuta hajijui, wakamkimbiza hospitali. Aliporudi nyumbani walimlaumu sana, na lawama zile zilikuwa zingali zikimchoma. Akaniuliza: "Sheikh, mimi sikuiba cha mtu wala sikumtukana mtu. Mwili ni wangu, ulimi ni wangu, na halua nilikaribishwa. Nikiuharibu mwili wangu mwenyewe, nimemdhulumu nani?"

Nilimjibu kwa haraka, kama tujibuvyo sisi waalimu tunapotaka kwenda zetu nyumbani, ya kwamba mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu. Akacheka kidogo. Akasema: "Sheikh, mimi ni mfanya biashara, amana naijua. Amana huwekwa sandukuni haiguswi. Mwenye kuivaa nguo aliyowekewa amana amekwisha kukhini. Na mwili huu nimepewa niutumie usiku na mchana. Hiyo ni amana gani?"

Nakiri kuwa sikuwa na jawabu. Nilikwenda nyumbani nikafungua vitabu vya fiqhi, nikasoma mlango wa wadia kisha mlango wa ariya, na nikaona ya kuwa bwana yule amesema kweli. Mwili haufanani sana na kitu kilichowekwa. Hufanana zaidi na kitu kilichoazimwa. Na hukumu ya kitu cha kuazima katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi ni nzito kuliko hukumu ya amana, si nyepesi. Mwenye kuwekewa amana hatozwi kitu ikiwa imeharibika pasipo taksiri yake. Ama aliyeazima, yeye hudhamini. Kitu kikiharibika mkononi mwake kwa njia isiyokuwa ile aliyoruhusiwa, atalipa. Kisichotozwa ni kile tu kilichochakaa kwa kutumiwa matumizi yaliyoruhusiwa. Ukiazima kanzu kwa kuvaa, ikafifia rangi kwa kuvaliwa na kufuliwa, mwenyewe hana la kukudai. Lakini ukiifanya kanzu ile tambara la kufutia mafuta ya mashine ya mashua, huwezi kusema "mbona uliniazima mwenyewe?"

Basi hapa ndipo penye jawabu, na ndani yake mna rehema na mna onyo. Rehema ni kwamba mzee aliyechoka magoti kwa kupanda ngazi za watu na magunia ya watu mgongoni, na mama aliyelegea kwa kuzaa na kulea, na mwalimu aliyefifia macho kwa kusoma, hao hawana lawama hata chembe. Hiyo ni kanzu iliyochakaa kwa kuvaliwa. Kadhalika aliyezaliwa na maradhi, au aliyepatwa na maradhi ambayo hakuyaendea. Haifai kumwangalia mgonjwa kwa jicho la "umejitakia." Onyo ni kwa mwenye kujua analolifanya, akaambiwa, akapewa dawa, kisha akafanya kanzu tambara.

Na kuhusu aliyedhulumiwa, nilimpelekea jawabu hili juma la pili. Nilimwambia ahesabu mwenyewe. Usiku ule nani alimteremsha ngazini? Akasema ni mwanawe wa kati, na siku ile mwana huyo alikosa kibarua chake. Pesa za hospitali zilitoka wapi? Akanyamaza. Baadaye alisema bangili za mkewe ziko rehani. Mwili ulikuwa wake, bangili hazikuwa zake.

Kisa cha Salman na Abu Dardaa, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yao, mnakijua. Kimepokewa katika Sahihi ya Bukhari. Salman alikwenda kumzuru nduguye, akamkuta mkewe amejiacha, hana pambo wala nguo nzuri, na alipouliza akaambiwa kwamba nduguyo hana haja na dunia. Mchana Abu Dardaa alikuwa amefunga, Salman akakataa kula mpaka na yeye ale. Usiku alitaka kusimama kusali, Salman akamwambia lala, mpaka sehemu ya mwisho ya usiku wakasali pamoja. Kisha akamkumbusha ya kwamba Mola ana haki, na nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, na kila mmoja apewe haki yake. Khabari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) alimsadiki Salman. Tazameni basi. Yule bwana alikuwa akiuchosha mwili wake kwa ibada, na pamoja na hayo alizuiwa. Sisi twauchosha kwa nini? Kwa baraza mpaka saa saba za usiku, na kwa halua.

Kuna wanaosema: "Ajali ni ajali. Aliyeandikiwa kufa atakufa, hata ale majani." Maneno haya huyasikia sana vibarazani, na aghalabu msemaji ana kikombe mkononi. Mtu huyohuyo, ukimwambia atoke na mashua isiyotiwa kalafati wakati wa kusi kali, atakuona mwenda wazimu. Na duka lake hulifunga kwa kufuli mbili. Tawakuli yake imemwingia katika chakula peke yake. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata khabari ya tauni, aliwashauri watu akarudi. Abu Ubaida akamuuliza kama anakimbia kadari ya Mungu, na Umar akamjibu kwa maana ya kwamba ndiyo, twatoka katika kadari moja twaingia katika kadari nyingine, akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde la majani na bonde kavu. Dawa ni kadari. Kupima damu ni kadari. Na Mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu.

Sasa niseme mambo ya kutendwa, maana msomaji amechoka na hoja.

Nianze na chai, kwani sisi watu wa pwani chai ndiyo mlango wetu. Shirika la Afya la Ulimwengu limetoa nasaha kwamba sukari ya kutiwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na ikipungua nusu yake ni bora. Kwa mtu mzima wa kawaida, kiwango hicho cha kwanza ni kama gramu 50, na kile bora ni kama gramu 25, yaani vijiko vidogo 6. Basi hesabu. Kijiko kidogo ni kama gramu 4. Mwenye kutia vijiko vitatu, akanywa vikombe vinne kutwa, amekwisha kunywa gramu 48 kabla hajagusa hamri, wala kaimati, wala kashata. Chupa ndogo ya soda nayo aghalabu ina kiasi cha vijiko saba. Sisemi mtu aache chai. Mimi mwenyewe siachi. Nasema apunguze nusu kijiko kila majuma mawili, na ulimi utazoea. Mimi nilitoka vijiko vitatu nikafika kimoja kwa muda wa miezi mitatu, na sasa chai ya watu huniona ni asali. Kahawa tungu ni njema kwa kuwa haina sukari, ila tende mbili za kusindikizia zisiwe kumi.

Chumvi ni adui aliyejificha. Kiwango ni chini ya gramu 5 kwa siku, nayo ni kijiko kidogo kimoja, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate, na achari, na papa mkavu, na ng'onda. Mwenye kupenda ng'onda na ailoweke, amwage maji, ailoweke tena. Ndimu na pilipili na kitunguu hufanya kazi kubwa ambayo tumeipa chumvi bure.

Maradhi ya presha hayana sauti. Jambo hili watu hawalisadiki. Husema: "Mimi nina afya, kichwa hakiniumi." Katika watu wazima wenye presha duniani, karibu nusu hawajui kuwa wanayo, kwa hesabu ya shirika hilohilo. Mtu huenda akapigwa na kiharusi asubuhi akitia udhu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kujua kuwa alikuwa mgonjwa. Kipimo kikifika 140 kwa 90 zaidi ya siku moja, ni lazima kwenda kwa daktari. Na aliyepewa vidonge asiviache kwa sababu amepimwa akaonekana mzima. Ameonekana mzima kwa sababu ya vidonge. Ni kama mtu aliyeezeka nyumba, mvua ikanyesha asilowe, akasema makuti haya hayana faida, akayashusha. Na wenye presha wajihadhari na kununua dukani dawa za maumivu wakazimeza kila siku, kwani nyingine katika hizo huipandisha presha na huharibu figo.

Ama kutembea, nasaha ya wataalamu ni dakika 150 kwa juma kwa uchache, kwa mwendo wa kuhema kidogo. Wazee wetu hawakulijua jambo hili kwa hesabu, walilitenda. Mtu mwenye msikiti wa mwendo wa dakika sita, akienda na kurudi mara tano, amepata saa nzima kwa siku. Lakini siku hizi nimewaona kwa macho yangu vijana wa miaka ishirini wakipanda pikipiki kwenda msikiti wa mtaa wa pili. Thawabu ya hatua wamempa mwenye pikipiki.

Na hapa nina neno na wanaume wenzangu. Jioni sisi huenda Mama Ngina tukapunga upepo wa bahari, tukarudi tumechangamka. Nyumbani tumewaacha wake zetu na binti zetu kati ya kuta nne na moshi wa jiko, kisha mwanamke akinenepa au akinyong'onyea tunasema hajijali. Sitara si kifungo. Mwanamke aliyejisitiri ana haki ya njia na ana haki ya upepo, na mwanamume ambaye hawezi kufuatana na mkewe kwa nusu saa baada ya alasiri ajiulize ana shughuli gani iliyo kubwa kuliko hiyo. Najua kwa maneno haya nitaandikiwa barua. Ziletwe.

Wenye maradhi ya sukari nina nasaha nao ya pekee, na nimeipata kwa daktari mmoja aliyeniambia neno lililonishangaza. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi huua hisi ya nyayo. Mtu hukanyaga msumari asijue, hupata jeraha likaoza asilione, mpaka mguu ukatwe. Dawa ya kwanza ni kuitazama miguu kila siku. Akaniambia: "Sheikh, ninyi mnaosha miguu mara tano kwa siku, na bado naletewa kwenu miguu iliyooza. Mnaosha bila kutazama." Wallahi nilitahayari. Basi mwenye sukari, udhu wako mmoja kwa siku, uwe wa magharibi au wa isha, uufanye wa kutazama. Kaa kitako, tazama unyayo, pasua vidole kimoja kimoja, kisha ukaushe kwa kitambaa baina yake, maana unyevu huzaa uozo. Kama macho ni mabovu, mjukuu akutazamie. Maji ya moto yajaribu kwa kiko cha mkono kabla ya kutia mguu. Wala usitoke msikitini miguu mitupu juu ya sakafu iliyopigwa na jua la adhuhuri kwa kuwa makubadhi yamebebwa. Ngoja uletewe mengine.

Juu ya Ramadhani nitasema machache, kwa kuwa wengi huona haya kuuliza. Mgonjwa amepewa ruhusa ndani ya Qurani yenyewe, na kuikataa ruhusa ya Mwenyezi Mungu si uchamungu. Mwenye sukari amwone daktari wake kabla ya Shaabani kwisha, naye ndiye wa kumwambia afunge au asifunge. Akifunga, ajipime. Kutoboa kidole hakufunguzi, na sindano isiyokuwa ya chakula haifunguzi. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilipitisha hivyo huko Jidda mwaka 1997. Kipimo kikishuka chini ya 3.9, au kikipanda juu ya 16.6, afungue papo hapo, asingoje adhana, hata ikiwa zimebaki dakika kumi.

Usingizi nao tumeufanya kitu cha wavivu. Mtu mzima ahitaji saa saba au zaidi. Tukihesabu sisi, isha imekwisha saa mbili za usiku, alfajiri ni kama saa kumi na moja. Muda upo, ila tumeugawa kati ya baraza na simu. Na vijana wametia mirungi na muguka juu yake. Mwaka 2024 serikali za kaunti ya Mombasa, na Kilifi, na Taita Taveta zilitangaza kuipiga marufuku muguka, mambo yakafika mahakamani, na marufuku ile ikasimamishwa. Mimi sitangoja mahakama. Majani haya humkesha mtu na kumchangamsha saa chache, kisha yakimtoka humwacha mnyonge, mkali kwa watu wa nyumbani, hana hamu ya chakula wala usingizi. Kijana hudhani unyonge ule ni wa dunia, kumbe ni wa majani, akarudi kutafuna ili auondoe. Hilo ni tanga linalozunguka mahali pamoja.

Nimesema kwa urefu juu ya mwili, na sasa nafika katika jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu, nalo si jepesi kwangu.

Miaka kumi na miwili iliyopita alinijia fundi mmoja wa kushona kanzu. Alikuwa mtu mwenye kuhudhuria darsa, mkimya, mwenye adabu. Aliniambia kwamba huamka saa tisa za usiku asirudi usingizini, na kifuani huhisi kama jiwe. Chakula amekiona majivu. Hawezi kutia uzi katika sindano, kwa kuwa akili humkimbia. Na lililomtisha zaidi ni kuwa husimama katika sala asipate utamu wowote. Hakufiwa, hana deni, mke na watoto wazima. Akaniuliza: "Sheikh, nina nini?"

Nilimwambia imani yake imekuwa haba. Nilimwambia azidishe uradi kwa mamia, afunge Jumatatu na Alkhamisi, ajihisabu madhambi yake. Nilimfungisha mtu ambaye alikuwa hali! Akanishukuru, akanibusu mkono, akaenda zake. Baada ya mwezi akatoweka darsani. Mimi nilidhani dunia imemchukua, na nafikiri hata nilimsema.

Kumbe alikuwa hatoki chumbani. Jamaa zake walisema amerogwa, wakaleta mganga wa kupunga, akataka mbuzi, akataka uvumba na vitambaa, kisha akataka tena, mpaka cherehani ikauzwa. Binamu yake ambaye ni muuguzi aliporudi kutoka safari, ndiye aliyemtia ndani ya gari akampeleka kwa daktari wa maradhi ya akili. Alipewa vidonge, ambavyo havikufanya kazi siku ile wala juma lile, ila baada ya majuma kadhaa, na kila juma akawa na mtu wa kuzungumza naye aliyesomea kazi hiyo. Ilipata mwaka hata akashona tena, na ameshona juu ya cherehani ya mwenziwe.

Nilikwenda kumtazama. Sikumlaumu wala yeye hakunilaumu kwa ukali. Aliniambia maneno haya tu: "Sheikh, nilikuja kwako na gunia moja mgongoni, ukanitwika la pili, kisha ukaniambia nikimbie." Nilimwomba radhi, akanipa. Yu hai, ni mzima, tukikutana njiani hunisalimu vizuri. Lakini husali msikiti mwingine.

Tangu siku ile nimejiuliza: nilikuwa nimesoma nini? Maana haya yote yamo ndani ya elimu yetu, na mimi nilikuwa nayafundisha watoto. Nabii Yaakub alilia mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii. Mwaka aliofariki Bibi Khadija na Abu Talib umeitwa katika sira Mwaka wa Huzuni, hakuna aliyesema kuwa imani ya Mtume (s.a.w.) ilipungua mwaka ule. Na katika dua zake alizozikariri alikuwa akijilinda kwa Mwenyezi Mungu na hamu na huzuni, na mtu hujilinda na kitu chenye kudhuru. Bibi Aisha alikuwa akiwapikia waliofiwa uji wa shairi uitwao talbina, kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa humpumzisha mgonjwa na huondoa baadhi ya huzuni. Angalieni: huzuni imetazamwa kwa chungu na mwiko, haikutazamwa kwa lawama.

Kisha nikamsoma Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, yaani 934 kwa hesabu ya Kizungu. Aliandika kitabu juu ya masilahi ya miili na ya nafsi pamoja, akawalaumu matabibu wa zama zake kwa kuutibu mwili wakaisahau nafsi, hali ya kuwa kila kimoja humgonjwesha mwenziwe. Naye ametenga huzuni mbili. Moja ina sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupotewa na mali. Ya pili haina sababu ambayo mwenyewe aijua, bali humshika mtu akawa hana furaha na chochote, na hiyo alisema asili yake ni mwilini, na hutibiwa kama vitibiwavyo vya mwilini. Fundi wangu alikuwa ameandikwa ndani ya kitabu kile zaidi ya miaka elfu moja kabla hajazaliwa! Na Waislamu hawakuishia katika kuandika. Katika maspitali ya Damaski aliyoijenga Nuruddin mwaka 1154, na ile ya Sultani Qalawun mjini Kairo ya mwaka 1284, wagonjwa wa akili walipewa mahali pao na matabibu wao. Sisi wajukuu tukawafunga kamba na kuwapigia ngoma.

Sikatai kusomewa Qurani. Mwenye kumsomea nduguye aya, pasipo ramli wala mbuzi mweusi wala kutoza watu mali, amefanya jambo jema. Ninalolikataa ni kusoma kuwe kizuizi cha dawa. Hakuna anayevunjika mguu akasomewa asifungwe. Mtoto mwenye kifafa ana dawa hospitali, nayo ni ya kila siku; kumwambia mama yake aiache ili jini asikasirike ni kumtia mtoto katika moto wa jiko au ndani ya kisima siku atakapoanguka peke yake.

Basi mtu atajuaje huzuni ya kawaida na ile ya maradhi? Aliyefiwa hulia, kisha hupata saa za nafuu. Akikumbushwa kisa cha marehemu hata hucheka. Huyo ahitaji watu wa kukaa naye, chakula kuletwa, asiachwe peke yake siku wageni wa matanga wakiisha kuondoka, kwa kuwa siku ya kumi ni nzito kuliko ya tatu. Lakini ikiwa kila siku, kwa majuma mawili au zaidi, mtu hana raha na kitu alichokipenda, usingizi na chakula vimeharibika, hujiona hana thamani, kazi imemshinda, hayo ni maradhi, aende kwa daktari. Hospitali kuu hapa Mombasa na ile ya Port Reitz zina watu wa kazi hii. Na wazazi walio katika arobaini watazamwe sana. Machozi ya siku chache za kwanza huwapata wengi. Yakipita majuma mawili, au mama akaogopa kubaki na mwanawe, asiambiwe ana pepo wala hana shukrani.

Na mtu akikwambia kuwa ataka kufa, usimhubirie moto. Kujiua ni haramu, naye alijua hilo kabla yako. Anayekwambia huwa bado atafuta mkono wa kushika. Muulize wazi kama amefikiri namna ya kutenda, kwani kuuliza hakumtii fikira ambayo hana. Kaa naye, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu na kamba karibu naye, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Zamani watu waliogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha sharia ya jinai kilimfanya aliyejaribu kuwa mkosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilihukumu kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Mahakama imemwona kuwa ni mgonjwa, na sisi watu wa msikitini haifai tuwe nyuma ya mahakama.

Waalimu wenzangu wa madrasa na maimamu, neno hili nalielekeza kwenu kwanza. Watu hutujia sisi kabla ya kumwendea daktari. Akija mtu kama yule fundi, msikilizeni mpaka amalize, ulizeni khabari ya usingizi wake na chakula chake, msomeeni dua, kisha fuataneni naye mpaka mlango wa hospitali. Msimpe barua tu. Fuataneni naye.

Usiku wa Alkhamisi ijayo, baada ya sala ya isha, muuguzi mmoja, naye ndiye binamu wa fundi niliyemtaja, atakuwa madrasani kupima presha na sukari bila malipo. Wanawake wataingia kwa mlango wa nyuma, na huko atakuwako muuguzi mwanamke. Bwana wa duka la nguo amesema atakuwa wa kwanza kutoa kidole. Wenye vidonge nyumbani waje na vidonge vyao mkononi, pamoja na vile walivyoviacha.